Vizingiti vya Olszyny

Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti, Bi Pelagia Sobczuk alimaliza kumenya viazi vya mchana, akabeba karai la maji machafu kwenda kuyamwaga kwenye kabichi, na kama ilivyokuwa ada yake akauinua mguu wa kulia mlangoni. Mguu ulipanda, ukashuka, ukakosa cha kuvuka. Maji yakamrukia sketi. Alipotazama chini aliona kwamba kizingiti chake, lile gogo la mwaloni lililokaa chini ya mlango tangu enzi za babu mkwe, hakikuwapo. Palikuwa na mfereji mwembamba wa udongo mkavu na mende mmoja aliyekuwa akitafuta pa kwenda.

Akatazama mbele. Kizingiti kilikuwa kimeshafika kwenye geti la bustani, kikijivuta upande mmoja kisha upande wa pili, kama mzee anayekwenda misa na kengele bado haijalia.

"We! Unakwenda wapi?" alikiuliza.

Kizingiti hakikujibu, maana vizingiti havisemi. Kilipenya chini ya geti, kikatoka barabarani, na huko kikajiunga na kizingiti cha akina Wrona, cha shule, cha kinu cha unga, na kile cha kanisa, ambacho kilikuwa cha jiwe na kwa hiyo kilikuwa nyuma ya wenzake. Vyote vilielekea kusini.

Haikuwa mara ya kwanza vizingiti vya Olszyny kuitia siasa moyoni. Miaka saba nyuma, serikali yetu ya Polandi ilipotiliana saini na Warusi mkataba wa kutoshambuliana, vizingiti vyote vya mji vilididimia kwa unene wa kidole. Watu walisema ni mvua. Halafu serikali ikatiliana saini na Wajerumani mkataba wa namna hiyo hiyo, na vizingiti vikadidimia kidole kingine, wakati wa baridi kali, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Hapo wakasema ni amani. Wazee wenye magoti mabovu walifurahi sana, na mkuu wa mji wetu, Wincenty Dudek, alisimama juu ya pipa la matango ya chumvi akahutubia.

"Mnaona faida ya mikataba?" alisema. "Hata kujikwaa kumepungua!"

Dudek alikuwa mtu wa mikataba. Alikata habari ya kila mkataba gazetini, akaiweka kwenye fremu ya kioo, akaitundika ofisini mwake, Warusi ukuta wa mashariki, Wajerumani ukuta wa magharibi, yeye katikati na kiti chake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Dudek alikuwa amekitia fremu. Mwaka huo wa vizingiti kuondoka, masika, Wajerumani walitangaza kwamba mkataba wao na sisi wameufuta. Tulidhani Dudek ataishusha ile fremu. Hakuishusha. Alisema kioo bado ni kizima.

Siku ile vizingiti vilipoondoka, redio yake ilikuwa imetangaza asubuhi kwamba Wajerumani na Warusi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitukanana magazetini matusi ya kutosha kuozesha maziwa, usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wametiliana saini wao kwa wao. Hawatashambuliana. Dudek alitoka uani akiwa na sabuni nusu ya uso.

"Mbwamwitu na dubu wamepatana!" aliita. "Kondoo anataka nini tena duniani?"

Genowefa Wrona, jirani, alikuwa akifukuza bata wake kisimani. "Anataka kujua wamepatana wamle nani," alijibu.

Tulikuwa tumefunzwa tangu utotoni kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hakuna aliyetufunza kwamba fahali wawili wakipatana, nyasi ndiyo karamu.

*

Yafaa ieleweke kwamba kwetu kizingiti si kitu cha kuchezea. Kina miiko miwili, na mtoto huijua kabla hajajua Baba Yetu. Kwanza, kizingiti huvukwa, hakikanyagwi. Pili, humpi mtu mkono wewe ukiwa ndani na yeye nje, kwa maana salamu iliyopita juu ya kizingiti huleta ugomvi. Tarishi akileta barua huvutwa kwanza ndani kwa ukosi kama mwizi, ndipo anaposalimiwa vizuri. Wachumba wamewahi kuachana kwa sababu mmoja alikuwa na haraka.

Katika mwiko wa kwanza, Bi Pelagia aliwapita wote. Kila aliyefika kwake alipokewa kwa neno moja kabla ya karibu: "Inua mguu." Alimwambia daktari wa ng'ombe, alimwambia askari, aliwaambia wachukuzi walioingia kulitoa jeneza la mumewe Szczepan, nao wakainua. Watoto walimwita Bi Inua-Mguu. Yeye hakujali. Alipokuwa peke yake alivuka polepole, akitazama chini, na midomo yake ilicheza kama anayeongea na mtu.

Basi Alhamisi ile hakungoja. Alichukua toroli la samadi, akakikimbilia kizingiti chake, akakikamata karibu na kinu, akakiambia yale ambayo mwanamke humwambia mume aliyemkuta kilabuni, akakipakia. Alikirudisha mahali pake na kukifunga kwa mnyororo wa ng'ombe kwenye mguu wa jiko la matofali. Mchana kutwa kilivuta mnyororo kama ndama. Jioni kilitulia.

Wengine hawakujisumbua. Kufagia kulikuwa rahisi: uchafu ulitoka moja kwa moja. Bata wa Genowefa waliingia jikoni wakatembea, wakatoka, wakarudi na wenzao. Upepo uliingia bila hodi, na baada yake jirani, na baada yake mbwa wa jirani, na kila mmoja alikuta chungu kiko wapi. Mji ulizoea haraka. Sisi ni watu wa kuzoea. Ndicho kipaji chetu, na ndicho kilichotumaliza.

*

Jumapili, baada ya misa, Dudek alipanda tena juu ya pipa.

"Ndugu zangu," alisema, "nimelala nikifikiri. Ugomvi huletwa na nini?"

"Na vodka!" alidakia mtu.

"Na salamu juu ya kizingiti! Si ndivyo tulivyolelewa? Sasa niambieni: vizingiti vikiwa havipo, mtu atasalimiana vipi juu yake?"

Watu walifikiri. Haikuwezekana.

"Basi ugomvi hauwezekani," alisema Dudek, jasho likimtoka kwa furaha. "Mjerumani akija, Mrusi akija, atatukuta hatuna hata kijiti cha kugombania. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Na ukitaka kuubusu vizuri, ondoa kinachozuia! Olszyny ndio mji wenye amani kuliko yote Polandi."

Makofi yalipigwa. Hata Padri Ambroży alipiga, kwa vidole viwili. Ndipo Genowefa Wrona, ambaye mdomo wake haukuwa na kizingiti tangu azaliwe, akasema: "Isipokuwa kwa Pelagia. Cha kwake kipo. Amekifunga."

Nyumba moja yenye kizingiti ilikuwa hatari kwa mji mzima. Wangetosha watu wawili wenye haraka, na vita vingeanza.

Walikwenda wote, na nguo zao za Jumapili. Bi Pelagia alikuwa akikata mkate mweusi mezani. Dudek alifika mlangoni, akajizuia kutoa mkono.

"Inua mguu," alisema Bi Pelagia.

"Siingii, mama. Tumekuja kwa wema. Tupe hicho kizingiti."

"Cha nini? Mlikuwa navyo vyenu, mkaviacha viende."

"Cha amani, Bi Pelagia. Huoni? Wenzako wote wamejitolea."

"Wamejitolea? Vyao vilitoroka!"

"Kutoroka kwa hiari ni kujitolea," alisema Dudek. "Usitupotezee muda bwana. Ni gogo tu hilo. Nitakununulia zulia."

Bi Pelagia aliweka kisu chini. Aliwatazama mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwa Padri Ambroży yakasimama hapo.

"Chini yake yupo mwanangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Ilibidi aseme yote, na aliyasema vibaya, kwa kurudi nyuma na mbele, kwa sababu hakuwahi kuyasema. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Theluji ilifika madirishani. Mtoto alizaliwa akiwa hai, akalia kidogo, na Szczepan akaenda na farasi kumleta padri abatize. Padri alisema atakunywa kwanza chai apate joto. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kupoa. Bila maji ya ubatizo, hakuwa na nafasi makaburini. Makaburi yetu yana nafasi ya wezi wa farasi wawili na mtu aliyemchinja shemeji yake, kwani hao walibatizwa. Mama mkwe akafanya kama bibi zake walivyofanya: akamfunga kitoto katika kitambaa cha meza na kumlaza chini ya kizingiti, ili aingiaye na atokaye amsogezee baraka kidogo, na asiwe peke yake.

"Kizingiti kikiondoka, mtamkanyaga," alisema Bi Pelagia. "Kila siku. Ninyi na bata wenu. Nimemlinda miaka yote hiyo asikanyagwe. Sina kingine."

Genowefa alianza kulia, kwa sauti, kama alivyofanya kila jambo. Padri Ambroży alikuwa akikagua viatu vyake.

"Alikuwa na jina?" aliuliza mtu nyuma.

"Nilikuwa nalo. Sikuwahi kumpa."

Dudek alivua kofia. Nakiri kwamba aliivua kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa fremu. Aliishika kofia kifuani muda wa kutosha, kisha akaivaa tena.

"Pole sana, mama," alisema. "Pole kweli. Lakini mmoja amekufa tayari, na sisi bado tuko hai. Wanaotaka amani wanyooshe mkono."

Walinyoosha. Genowefa alinyoosha nusu, kiwiko kikiwa kimeshika ubavu, na akahesabiwa. Wanaume wawili waliufungua mnyororo. Kizingiti kilijinyoosha, kikapita katikati ya viatu vilivyong'aa, kikaenda zake kusini bila kugeuka nyuma. Walipokuwa wakitoka kila mmoja alijitahidi kuinua mguu, kwa adabu, lakini hapakuwa na kitu cha kuonyesha wapi pa kuinua, na wengi wakakosea.

Bi Pelagia aliyaona hayo. Alimaliza kukata mkate, akaufunika. Kisha akatandika shali pale mlangoni, akajilaza ubavu kwenye ule mfereji, kichwa kwenye mwimo mmoja wa mlango na nyayo kwenye mwingine. Alienea barabara.

*

Siku chache baadaye Septemba iliingia, na Wajerumani wakaingia nayo. Walikuwa bado mbali nasi. Tuliona ndege tu, na moshi upande wa machweo. Dudek aliugeuza kidogo ule mkataba wa ukuta wa magharibi, akasema inaelekea kuna kutoelewana.

Genowefa alimletea Bi Pelagia supu ya bitiruti kila mchana. Alikuwa na aibu, na aibu yake ilipikwa vizuri, na krimu juu.

"Shoga, amka ule mezani."

"Nipe hapa hapa."

Genowefa alimshika mgongo ili amwinue, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia ko.

"Umekuwa mgumu wewe."

"Eeh. Tangu juzi. Nadhani ni mwaloni."

"Si msonobari?"

"Msonobari ningesikia harufu."

"Afadhali mwaloni," alisema Genowefa. "Msonobari huliwa na wadudu." Akamnywesha supu kwa kijiko, akarudi kwa bata wake.

Katikati ya mwezi, barabara ya kusini ilijaa magari meusi. Walikuwa wakubwa wetu kutoka Warszawa, wakikimbilia daraja la kuingia Romania na masanduku yao. Gari moja lilisimama, dirisha likashuka, na bwana mmoja mwenye miwani akamuuliza Dudek njia.

"Fuata michirizo ya vizingiti, mheshimiwa," alisema Dudek. "Vilipita hapa mwezi uliopita."

Bwana yule alishukuru. Gari lilifuata michirizo, na magari mengine nyuma yake. Vizingiti vilikuwa vimewatangulia kwa wiki tatu, kwa miguu ambayo havina.

Baada ya hapo Warusi waliingia kutoka mashariki. Walisema wamekuja kutulinda. Walipoulizwa mkataba wao na sisi umekwenda wapi, ofisa wao alieleza kwa subira kwamba mkataba ulikuwa na nchi inayoitwa Polandi, na nchi hiyo, kwa kadiri alivyoweza kuona, haipo. Na huwezi kumshambulia mtu asiyekuwapo. Dudek alilisikiliza hilo akitikisa kichwa. Alikiri kwamba kisheria lilikaa sawa.

Wajerumani na Warusi walikutana Olszyny. Ramani yao ilikuwa na mstari, na mstari ulipita katika uwanja wa Bi Pelagia. Nyumba zote nyingine zilikuwa wazi kama midomo ya vibogoyo, farasi wa majeshi wakiingia na kutoka humo wapendavyo; ya Bi Pelagia peke yake ilikuwa na mlango wenye chini na juu. Maofisa hupenda mlango wa heshima. Mjerumani alitangulia ndani kuonja mkate. Mrusi alipofika, mpiga picha aliwaomba wapeane mikono palepale, mmoja ndani, mmoja nje, mwanga ulikuwa mzuri.

Dudek aliitwa kutafsiri, kwa sababu ujanani alitumikia jeshi la tsar wa Warusi na kisha jeshi la kaisari wa Wajerumani, na kote alipigwa.

Bi Pelagia aliinua macho. Uso wake ulikuwa bado uso, japo nyuzi za mti zilikuwa zimeanza kuonekana shavuni.

"Waambie wasisalimiane juu yangu," alisema. "Watagombana. Na wakigombana, patapitika hapa."

Maofisa waliuliza mama anasema nini.

"Anasema karibuni," alitafsiri Dudek.

Walifurahi. Wakapeana mikono juu yake, kwa nguvu, mara tatu, kwa ajili ya mpiga picha. Kisha Mrusi akaingia ndani, na kwa kuwa uani kulikuwa na matope, alijipangusa buti kwanza kwenye mgongo wa Bi Pelagia, kisigino na kidole, kisigino na kidole, kama mtu aliyefunzwa nyumbani. Tulikuwa tumesimama pale wote. Nilitamani mtu aseme neno. Hakuna aliyesema, nami nikiwa miongoni mwao.

Mstari ukawa yeye. Jiko likawa la Wajerumani na uani kukawa kwa Warusi, na Genowefa alihitaji kibali cha mihuri miwili ili kumnywesha supu.

*

Waligombana kiangazi cha pili baada ya hapo, kama alivyosema. Alfajiri moja Wajerumani walimvuka kuelekea mashariki, na hawakuinua miguu; kulikuwa na buti, kwato, magurudumu ya mizinga. Jiwe lingepasuka. Mwaloni ulipata mikwaruzo. Miaka mitatu baadaye walipita tena wakirudi, wachache zaidi na bila adabu zaidi, na nyuma yao wakaja Warusi, na hao nao wakapita wakielekea Berlin. Katika yote hayo nusu ya Olszyny iliuawa au ilichukuliwa, na Genowefa alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa, na bata wake wakaliwa na majeshi yote mawili. Vizingiti havikurudi. Inasemekana vipo Romania, katika nyumba za watu, na havisumbui.

Msimu ule vita vilipokwisha, ndege walijenga kiota kwenye bomba la jiko la Bi Pelagia. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki na ukuta unaoweza kubeba msumari. Dudek alifika asubuhi moja, mzee sasa, jino moja mbele, fremu kwapani. Kioo kilikuwa na ufa, lakini ndani yake alikuwa ameweka karatasi mpya ya gazeti: Polandi na jirani yake wa mashariki, urafiki, kusaidiana, miaka ishirini. Alikuwa na haraka ya kuutundika.

"Safari hii ni wa kweli, Bi Pelagia," alisema uani. "Nimeusoma wote."

"Sawa," alisema yeye. Sauti yake ilikuwa ya mlango unaofunguliwa taratibu. "Ingia kwanza ndani ndiyo unisalimie. Na inua mguu."

Dudek alijaribu. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi katika nyumba isiyo na kizingiti, na goti lilikuwa limesahau. Mguu ulipanda nusu, ukashuka. Alimkanyaga katikati ya mgongo kwa uzito wake wote, na fremu yake, akasimama hapo akitafuta mizani.

"Samahani, mama," alisema.

"Si neno," alisema Bi Pelagia. "Bora mimi."